Ukomo wa Mshahara wa Dakta Sabiha

Barua pepe ya wafadhili ilimfikia Eliudi Abrahamu asubuhi, akiwa bado hajavua koti la mvua. Ilikuwa fupi na ya adabu. Kuanzia mwaka mpya wa mradi, ilisema, hakuna mtafiti atakayelipwa kutoka kwenye ruzuku yao mshahara unaozidi kiwango kilichotajwa hapo chini. Chuo kikipenda kumlipa mtu zaidi ya hapo, hakikatazwi, ila kinachozidi kitoke kwenye mfuko wa chuo chenyewe.

Eliudi alikitazama kiwango chenyewe, akajua papo hapo kinamgusa nani. Katika chuo kizima, chuo kidogo cha binafsi kilichojengwa upande wa Pongwe, mtu mmoja tu alikuwa juu ya ukomo ule. Alikuwa Dakta Sabiha Uweso, kiongozi wa mradi wa mwani.

Eliudi alikuwa mkuu wa ofisi ya miradi ya utafiti. Alikuwa Mshambaa wa Lushoto, Mlutheri, mtu wa sauti ya chini ambaye wenzake walimwona mkavu kidogo. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha pesa za wafadhili zinatumika kwa walichokitolea, na kwamba hakuna mkaguzi atakayekuja siku moja akataka zirudishwe. Ilikuwa kazi ya kusema hapana mara nyingi kwa watu waliomzidi cheo, naye alikuwa ameizoea.

Lakini suala hili halikuwa kama mengine, kwa sababu yeye ndiye aliyemleta Dakta Sabiha.

Sabiha alizaliwa Chumbageni, akasoma hadi akapata udaktari wa falsafa katika magonjwa ya mimea ya baharini, kisha akaishi Mombasa miaka mingi akiongoza maabara ya kampuni inayonunua na kusindika mwani. Chuo kilipopewa ruzuku ya kuchunguza kwa nini mwani wa pwani ya kaskazini unageuka mweupe na kukatika, wafadhili walitaka kiongozi anayeujua ugonjwa ule kwa macho na mikono. Eliudi alivuka mpaka akamfuata. Walizungumza kwenye baraza ya kampuni, na Sabiha hakuzunguka.

"Mama yangu anazeeka na yuko peke yake, kwa hiyo kurudi nataka," alimwambia. "Ila sitaki kuja kupigwa bei kama samaki changu sokoni. Mnaweza kunilipa ninacholipwa hapa, au hamwezi?"

Eliudi alimpigia simu Mkuu wa Chuo, Profesa Hatibu, akiwa palepale barazani. Profesa alisema wanaweza, maana ruzuku italipa. Mkataba aliuandika Eliudi mwenyewe. Sabiha akahama na vyombo vyake, akarudi kwenye nyumba ya mama yake, na kwa miaka miwili mambo yakaenda.

Sasa Eliudi aliipeleka barua ile kwa Profesa Hatibu bila kusubiri. Profesa alikuwa mnene, mchangamfu, mtaalamu wa wanyama aliyefundisha hadi alipopewa uongozi, na tangu hapo hakuwahi kuingia tena darasani isipokuwa na wageni. Alisoma, akavua miwani.

"Kinachozidi ni kiasi gani?"

"Kama robo ya mshahara wake."

"Na sisi hatuna."

"Tuna fungu la usimamizi, Profesa. Kila ruzuku inatupa asilimia fulani kwa ajili ya umeme, maji, ofisi. Hizo ni za chuo, hazina masharti."

"Zilikuwa za chuo," alisema Profesa. "Zimeezeka maktaba. Zilizobaki zinalipa walimu ambao ada haziwatoshi. Unataka niende nikawaambie walimu watatu wa mwaka wa kwanza warudi nyumbani kwa sababu mtu mmoja anapata kuliko mimi?"

Hilo la mwisho lilimtoka, na wote wawili walilisikia. Profesa Hatibu alikuwa analipwa chini ya Dakta Sabiha, na hakuwahi kulisema kabla ya siku hiyo.

"Usimwambie kwanza," alisema, akivaa tena miwani. "Ana mgonjwa. Niachie, nitalimaliza hapahapa ofisini."

Eliudi alitaka kupinga. Alijua kwamba katika ofisi yake kuchelewa kusema ni aina ya kusema uongo. Lakini ni kweli kwamba mama yake Sabiha, Bi Sabra, alikuwa amepooza upande mmoja wiki hiyohiyo na kulazwa, na Sabiha alikuwa akishinda hospitalini. Akaona si vibaya kumwacha apumue. Akanyamaza. Mwaka mpya wa mradi ukaanza.

Mwisho wa mwezi Sabiha alikuwa wodini, amemwegemeza mama yake kwenye mto na kumnywesha uji kwa kijiko, simu yake ilipolia mara mbili mfululizo. Ulikuwa ujumbe wa benki. Mshahara ulikuwa umeingia, lakini ulikuwa umepungua. Ujumbe wa pili ulisema ameingiziwa posho ya kazi za nje, Moa. Ukijumlisha viwili hivyo, unapata mshahara wake wa siku zote.

Moa ndiko kulikokuwa na mashamba ya mwani ya mradi, kijiji cha pwani karibu na mpaka wa Kenya. Mwezi huo wote Sabiha hakukanyaga Moa hata mara moja. Kazi ya kule ilifanywa na msaidizi wake, Consolata, na yeye mwenyewe aliifuatilia kwa simu akiwa kwenye benchi la wodi.

Alimfuta mama yake mdomo, akatoka ukumbini, akampigia Eliudi.

"Nimelipwa posho ya Moa. Mimi mwezi huu wote niko hospitali. Nani kanipeleka Moa?"

Eliudi pia hakuwa akijua. Profesa alikuwa amemwagiza mhasibu moja kwa moja, bila kumpitia yeye.

"Dada Sabiha, naomba nije hapo nikueleze."

"Nieleze hapahapa."

Akamweleza, barua ya wafadhili, ukomo, pengo la robo, na neno la Profesa kwamba atalimaliza ofisini. Sabiha alisikiliza bila kumkatiza. Kwenye simu, nyuma ya Sabiha, Eliudi alisikia magurudumu ya kitanda na mtu akiita nesi.

"Barua umeipata lini?"

"Mwezi uliopita."

"Mwezi uliopita," alirudia Sabiha. "Umekuja hapa wodini mara tatu, mdogo wangu. Umeleta machungwa. Umekaa na mama yangu. Na hukuniambia."

"Niliona una mzigo wa kutosha."

"Mzigo wangu naupima mimi. Sasa mmenifanya mwizi, na ninyi mnajiona mmenihurumia."

Akakata simu. Eliudi aliketi ofisini akitazama ukuta. Alikuwa na hasira na Profesa, lakini aliyemkasirikia zaidi alikuwa yeye mwenyewe, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kugombana na nafsi yake kwa muda mrefu, akainuka akaenda kumtafuta mhasibu ili malipo yale yasimamishwe yasiingizwe kwenye hesabu za mradi.

Kesho yake Sabiha alifika ofisini kwa Mkuu wa Chuo. Alikuwa amevaa baibui jeusi na viatu vya kutembea mbali, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Eliudi alikuwepo, ameitwa. Profesa alimkaribisha kwa maneno mengi, akamuuliza hali ya mgonjwa, akaagiza chai. Sabiha alingoja amalize.

"Posho nimeirudisha benki asubuhi hii, Profesa. Risiti anayo mhasibu."

"Dakta, hakukuwa na ubaya wowote. Ni haki yako, tumeipa jina jingine tu. Vyuo vingi hufanya hivyo."

"Basi wafanye. Mkaguzi akija akauliza siku ile nilikuwa wapi, atakayejibu si wewe, ni mimi. Na wanawake wa Moa wataulizwa kama walimwona Dakta Sabiha, waseme hapana. Wale wananiamini kwa sababu sijawahi kuwadanganya hata uzito wa kilo moja."

Profesa aliitazama chai yake. Kwa sauti ya chini kuliko alivyozoea alisema hakujua namna nyingine ya kumbakiza. Sabiha alimwamini kwa hilo, ila uso wake haukulegea.

"Kuna njia gani za halali?" alimgeukia Eliudi.

"Ya kwanza, mshahara wako ushuke hadi kwenye ukomo, na usaini mkataba mpya."

"Hapana. Nimefanya kazi miaka ishirini na tano, na kila mahali nimeombwa nipunguze kidogo. Mombasa walianza kunilipa sawa na wanaume mwaka wa tisa. Pensheni yangu inahesabiwa kwa mshahara huu, na mama yangu ndiyo kwanza ameanza kuhitaji mtu wa kumgeuza kitandani. Sipunguzi."

"Ya pili, upunguze muda wako kwenye mradi, muda mwingine ufundishe."

"Hiyo inasaidia?"

"Haisaidii sana," alikiri Eliudi. "Siku utakazokuwa kwenye mradi, pengo liko palepale. Siku utakazofundisha, chuo kitatakiwa kukulipa zote. Tunalihamisha tu."

"Ya tatu?"

"Chuo kilipe pengo."

Profesa alifungua mikono miwili, viganja juu, kama mtu anayeonyesha kwamba hakuficha kitu.

Sabiha alisimama. "Kampuni ya Mombasa haijapata mtu wa maabara. Waliniuliza tena juzi. Nikiondoka nitamchukua mama, atazoea. Nawapa mpaka mwisho wa mwezi ujao. Sisemi kwa kutisha, Profesa, nasema ili mjue." Akafika mlangoni, akageuka. "Na wewe, Bwana Eliudi, kukiwa na barua nyingine inayonihusu, nitapenda niisome siku uliyoisoma wewe."

Kabla ya siku hiyo alikuwa akimwita mdogo wangu.

Eliudi alikuwa amesimamia mradi wa mwani kwa miaka miwili bila kuuona mwani ukiwa baharini. Wiki iliyofuata aliamua kwenda. Hakuwa na mpango wowote kichwani, alitaka tu kuona kitakachopotea. Alishuka basi kwenye barabara ya Horohoro, akapanda bodaboda hadi Moa, akafika wakati maji ya bamvua yameshatoka na pwani imebaki wazi mbali sana.

Aliwakuta kule mbele, wanawake kama ishirini wameinama kwenye kamba zilizofungwa kwenye vigingi, magauni yamefungwa magotini. Katikati yao alikuwa Consolata na ndoo ya vipimo. Consolata alikuwa binti wa mkata mkonge wa Muheza, aliyesomeshwa na parokia, akasoma chuoni hapohapo na kubakizwa kuwa mwalimu msaidizi. Mshahara wake ulilipwa na chuo kwa kufundisha. Kazi ya mwani aliifanya pembeni, kwa nauli tu, kwa sababu Dakta Sabiha alimwambia ana jicho zuri.

"Leo huna kipindi?" Eliudi alimuuliza baada ya kusalimiana.

"Ninacho saa tisa. Nitawahi."

"Na kesho?"

"Kesho asubuhi narudi huku, jioni nafundisha. Bamvua haingoji ratiba, kaka Eliudi. Tangu Dakta awe hospitali nimekuwa hivi."

Mwenyekiti wa kikundi, Bi Hafsa, mwanamke mrefu mwenye kucha zilizochakaa kwa chumvi, alimwonyesha Eliudi kamba mbili. Moja ilikuwa na mwani wa kahawia, mnene, unaoteleza mkononi. Nyingine ilikuwa imejaa vichaka vyeupe vilivyolegea, na alipokigusa kimoja kilikatika kikaelea.

"Huu ndio unaotuua," alisema Bi Hafsa. "Maji yakichemka, unakufa wote kwa juma moja. Dakta anasema tuusogeze kwenye kina, tuufunge kwenye maboya. Kule mbele tumeshaweka mistari sita. Tunangoja joto la kaskazi tuone." Kisha akamtazama usoni. "Tumesikia anaondoka. Kweli?"

"Nani kawaambia?"

"Wewe umekuja na viatu vya ofisini mpaka huku. Nani mwingine atuambie?"

Eliudi alijibu kwamba haijaamuliwa. Wakati wa kurudi alimngoja Consolata aoshe miguu kisimani, na akiwa amekaa pale juu ya ukingo, jambo likamjia ambalo angeweza kuliona ofisini tangu siku ile ya barua kama angekaa chini akafikiri.

Wafadhili walikuwa wamekata kipande cha mshahara wa Sabiha, lakini ruzuku yenyewe hawakuipunguza. Kipande kile kilikuwa bado kimo ndani ya mradi, hakina mtu. Kwa Sabiha hakiwezi kurudi. Ila kinaweza kumlipa mtu mwingine anayefanya kazi ya mradi kweli, na mtu huyo alikuwa mbele yake, anajifuta miguu kwa kanga. Mradi ukimlipa Consolata, chuo kitabakiwa na pesa kilizokuwa kikimlipa. Hizo ni za chuo, hazina masharti ya mtu. Zinaweza kujaza sehemu kubwa ya pengo la Sabiha, mchana kweupe, bila kumtuma mtu Moa ambaye hakwenda.

Alimweleza njiani, wakiwa wamesimama kungoja bodaboda. Consolata hakufurahi kama alivyodhani.

"Nikihamia mradi, naacha darasa."

"Lazima uache. Wafadhili wanalipa muda wako wote, hauwezi kuwa kwingine."

"Chuoni nina ajira ya kudumu. Mradi umebaki miaka miwili. Ukiisha, mimi ni nani?"

"Tutaandika kwamba umeazimwa. Nafasi yako itakungoja."

"Itaandikwa, au itasemwa?"

"Itaandikwa," alisema Eliudi. "Na utaiona kabla hujasaini."

Consolata alifikiri. Watoto wa madrasa walipita wakiimba, wakamsalimia kwa jina.

"Baba yangu haniiti Consolata siku hizi," alisema. "Ananiita mwalimu. Kijiji kizima cha mkonge wananiita mwalimu. Hujui hilo lilivyomfanya yule mzee." Kisha akaongea kama mtu aliyekwisha kuamua kabla ya kuulizwa. "Nataka kitu kimoja. Matokeo ya mistari ya kina kirefu yawe ya shahada yangu ya uzamivu. Yangu, siyo ya Dakta na jina langu chini."

"Hilo si langu kukupa. Muulize yeye."

"Nitamuuliza."

Eliudi aliwaandikia wafadhili bila kuficha kitu. Aliwaeleza kwamba chuo hakimudu pengo, kwamba kuna mwalimu msaidizi ambaye tayari anafanya kazi ya mradi bila kulipwa na mradi, na kwamba wangependa kumhamishia huko ili pesa za chuo zilizofunguka zimlipe kiongozi. Alitaja hata kosa la posho, na kwamba pesa zimerudishwa. Profesa Hatibu aliposoma nakala alishika kichwa.

"Umejitia kitanzi, Eliudi. Umenitia na mimi."

"Wangelikuta, Profesa. Bora walisikie kwetu."

Majibu yalichukua muda, na katika muda huo hakuna aliyelala vizuri isipokuwa labda Bi Sabra, ambaye aliruhusiwa kurudi Chumbageni na mkono mmoja ukiwa haufanyi kazi. Wafadhili waliuliza maswali makali kuhusu posho. Waliuliza kama Consolata kweli atakuwa kwenye mradi muda wote, na nani atafundisha madarasa yake, maana hawakutaka kusikia baadaye kwamba anafundisha kwa siri. Walitaka jina la mwalimu huyo.

Eliudi alilipeleka swali hilo ofisini kwa Mkuu wa Chuo, wakalizungusha. Kuajiri mpya kungekula pesa zilezile walizotaka kuziokoa. Walimu wengine walikuwa wamejaa vipindi hadi shingoni. Mmoja alikuwa akifundisha hata Jumamosi.

"Kwa hiyo mpango umekufa," alisema Profesa.

"Kuna mtaalamu mmoja wa wanyama hapa chuoni hana kipindi hata kimoja," alisema Eliudi.

"Nani?"

Profesa Hatibu alimtazama Eliudi, akatazama dirishani, akacheka mara moja kwa kukereka.

"Mimi ni Mkuu wa Chuo."

"Ndiyo, Mkuu."

"Sijafundisha darasa la wanyama wasio na uti wa mgongo miaka kumi na moja. Nina vikao. Nina baraza la chuo, nina watu wa ithibati." Aliendelea kuzitaja shughuli zake kwa muda, na jinsi alivyozitaja ndivyo sauti ilivyopungua nguvu. Mwishowe alinyoosha mkono. "Lete ratiba niione."

Waliandika jina lake. Wafadhili walikubali, wakaongeza sharti kwamba hesabu za mradi zikaguliwe mara mbili mwaka huo badala ya mara moja.

Sabiha aliipata habari siku ileile, kutoka kwa Eliudi, ana kwa ana, kwenye baraza ya nyumba yao Chumbageni. Eliudi alimwonyesha kila kitu. Pengo lilikuwa halijazibwa lote, kulikuwa na sehemu ndogo iliyobaki wazi, na chuo kiliahidi kuitafuta kwenye ada za kozi fupi. Sabiha alisoma hadi mwisho.

"Consolata ameacha darasa ili mimi nipate changu," alisema.

"Ana masharti yake. Atakueleza mwenyewe."

Consolata alikuja jioni. Alimsalimia Bi Sabra kwa shikamoo, akamsaidia kunyoosha mkono, kisha akamfuata Sabiha jikoni alikokuwa akikuna nazi. Alisema alichokitaka, wazi, kama alivyokuwa amejizoeza njiani. Sabiha aliacha kukuna.

"Mistari ya kina kirefu niliifikiria mimi, nikiwa Mombasa. Miaka sita."

"Najua, mwalimu."

"Na unataka yote."

"Mawazo ni yako, na yataandikwa hivyo. Lakini vipimo nimevichukua mimi, nikiwa nimezama hadi kifuani, huku nadaiwa kipindi cha saa tisa. Ninaacha kazi ya kudumu. Nikitoka hapo bila shahada, nitakuwa nimetoka mikono mitupu. Sitaki unionee huruma, wala mimi sikuonei. Naomba kilicho sawa."

Sabiha aliishika ile mbuzi ya nazi kwa mikono miwili, kana kwamba ingemkimbia. Alikuwa amesema maneno yaleyale kwa wanaume wa kampuni, mwaka wa tisa, na alikumbuka jinsi walivyomtazama. Alihisi uso wake unataka kufanya vivyo hivyo, akauzuia.

"Chukua," alisema. "Ila uvichambue upya vyote. Vya mwezi wa nane vina makosa, niliviona."

"Nami niliviona."

"Basi kaa tule."

Sabiha alisaini mkataba wa mwaka mmoja. Eliudi alikuwa ameandaa wa miaka miwili, hadi mwisho wa mradi, lakini Sabiha alikata mstari wa tarehe kwa kalamu, akaandika yake, akamrudishia. Kazi yao iliendelea vizuri. Walijibizana barua haraka, walikaa kwenye vikao, wakaguzi walikuja mara mbili wakaondoka bila neno. Ila Eliudi alipokwenda tena Chumbageni kumwona mgonjwa, alikaribishwa barazani akaletewa chai kwenye sinia ya wageni, na hapo akajua amehamishwa kutoka kundi moja la watu kwenda jingine.

Profesa Hatibu alianza darasa vibaya. Alichelewa kipindi cha kwanza kwa sababu ya kikao, na cha pili alitumia picha ambazo mwanafunzi mmoja, Ruthi, alimwonyesha kwa heshima kwamba zina majina yaliyokwisha kubadilishwa na wataalamu. Wiki ya tatu alimpigia Consolata akiwa Moa, akamwomba maandalizi yake ya somo. Consolata alimtumia yote. Kuanzia hapo Profesa alionekana akibeba ndoo ya kaa na majongoo ya bahari kutoka kwenye gari lake hadi maabara, suruali imelowa, na makatibu walijifunza kutompangia wageni siku hizo.

Kaskazi lilikuja na joto lake. Mwani wa vigingi uligeuka mweupe kama miaka yote. Kwenye mistari ya kina kirefu, minne ilipona na miwili ilikatwa na mawimbi, maboya yakaokotwa upande wa Kenya. Bi Hafsa alisema minne kati ya sita ni mavuno ambayo hawajayaona tangu ugonjwa uingie, na wanawake wengine wakaanza kuulizia bei ya maboya. Consolata aliandika yote mawili, yaliyopona na yaliyopotea.

Mwisho wa mwaka wafadhili walipandisha ukomo kidogo, kwa sababu ya kupanda kwa maisha. Pengo la Sabiha likapungua, halikwisha. Eliudi alimpigia simu dakika ileile aliyoisoma barua.

"Ahsante," alisema Sabiha. "Niandikie mwaka mwingine."

"Mmoja?"

"Mmoja."

Kisha Eliudi alikwenda kwa Profesa Hatibu kumwambia kwamba Consolata amepata nafasi ya uzamivu, kwa hiyo hatarudi darasani mwaka ujao, wala mara mradi utakapoisha. Alimkuta akisahihisha mitihani, kalamu nyekundu mkononi, meza imejaa.

"Kwa hiyo unataka nini?" aliuliza Profesa bila kuinua kichwa.

"Jina la mwalimu. Wafadhili wanauliza."

Profesa alimaliza ukurasa aliokuwa nao, akaandika alama, akaufunika.

"Wape lilelile," alisema. "Na uniletee ratiba mapema, safari hii nisigongane na baraza."

Eliudi akatoka kwenda kuliandika jina.